Sogeza Foleni: Ilani ya Amana ya Ushawishi

Utangulizi

Saa kumi na mbili asubuhi, kwenye benchi la hospitali moja ya rufaa, mama mmoja alikuwa mtu wa saba. Alitoka kwake saa tisa usiku, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki ameifunga kwenye pindo la kanga. Ilipofika saa tano, mbele yake walikuwa bado wamebaki wanne. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Ila kila baada ya muda alitokea mtu na simu sikioni, akapokelewa na mhudumu, akapitishwa mlango wa pembeni. Huyu shemeji wa fulani. Huyu ametumwa na mheshimiwa. Huyu mtu wetu. Wote waliopitishwa walikuwa wagonjwa kweli, na waliowapitisha walirudi nyumbani wakijiona wametenda wema. Walishukuriwa, wakaombewa dua. Aliyelipia wema huo ni mama wa benchi, naye hakuulizwa.

Mmoja wa walioandika ilani hii ndiye mhudumu wa mlango ule. Siku hiyo alipitisha watu watatu. Jioni, alipokuwa anafunga dirisha, alimkuta mama yule amesinzia pale pale alipoketi, mtoto mapajani anachemka homa, zamu yao haijafika. Alitusimulia habari hii bila kujitetea, nasi tuliomsikiliza, kila mmoja akaukumbuka mlango wake. Ilani hii imezaliwa katika mazungumzo ya usiku ule.

Tunatamka jambo moja, na mengine yote katika maandishi haya yanalifuata hilo: ushawishi ni amana ya watu, na mwenye kuwekewa amana hiyo anapaswa kuitumia kusogeza foleni nzima, asiitumie kumchomoa mtu wake ndani ya foleni.

Sisi ni nani

Sisi ni walimu, wauguzi, wenyeviti wa mitaa, makatibu wa misikiti na wazee wa kanisa, madereva wa bodaboda, mama lishe, mafundi cherehani, watangazaji wa redio za mikoani na vijana wenye wafuasi wengi mitandaoni. Hatuna chama, wala hatutafuti kura. Wengi wetu tulipokutana mara ya kwanza tulisema hatuna ushawishi wowote. Ushawishi ni wa mawaziri, matajiri na wasanii. Tulipoanza kusimuliana siku zetu zinavyokwenda, tuligundua tunajidanganya.

Ushawishi ni ile hali ya neno la mtu kufika mbali kuliko miguu yake. Mwenyekiti wa mtaa anaandika barua ya utambulisho, na kwa karatasi hiyo kijana anafungua akaunti benki, anaomba kazi, au anamdhamini ndugu yake aliyewekwa mahabusu. Akichelewesha muhuri wiki moja, kazi imekwenda. Mama lishe akiulizwa na mteja wake kama anamfahamu binti mwaminifu wa kazi za ndani, jibu lake linampeleka mtoto wa watu kwenye nyumba yenye amani au kwenye nyumba ya mateso. Mwalimu akisema mbele ya darasa kwamba huyu hana akili, sentensi hiyo ya sekunde tatu inaweza kumfuata mtoto hadi anapata wajukuu. Dereva wa bodaboda wa kijiweni anaaminiwa kumpeleka mwanafunzi shuleni kila asubuhi kwa sababu tu wenzake wamesema ni mtu mwema.

Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeapishwa. Hata hivyo wote wameshika maisha ya wengine mikononi, na hakuna anayewakagua.

Tulikotoka

Hatuanzi kwenye ardhi tupu. TANU iliwafundisha wanachama wake kuahidi kwamba cheo ni dhamana, na kwamba mtu hatakitumia cheo chake wala cha mwenzake kwa faida yake. Februari 1967 Azimio la Arusha likaiwekea ahadi hiyo masharti yanayoshikika: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yalilegezwa. Kila mtu ana maoni yake kuhusu historia hiyo, na hatukukutana ili kuibishania.

Sisi tunalikumbuka jambo moja dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika, masharti ya Azimio yalikuwa bado yako kwenye vitabu, na katika miaka hiyo hiyo ndipo kimemo kilipotawala. Sukari, saruji, khanga, betri za redio: aliyekuwa na kipande cha karatasi chenye saini ya mkubwa alipata, na asiyekuwa nacho alipanga mstari tangu alfajiri hadi akaambiwa mzigo umekwisha. Kilichoandikwa kwenye kimemo hakikuwa rushwa machoni pa aliyekiandika. Hakupokea hata senti. Alikuwa anamsaidia jirani.

Hapo ndipo pengo lilipo. Tulijifunza kukemea wizi wa mwenye cheo, tukasahau kuuliza kuhusu wema wake. Leo karatasi imeondoka, imekuja simu. Tunasema “nina mtu pale”, tunasema “nipigie pande”, tunasema “koneksheni”. Kijana anayemaliza chuo ameshaambiwa na kila mtu kwamba bila mtu hupati, naye anaanza kumtafuta mtu kabla hajaanza kutafuta kazi. Taifa lililofundisha kwamba cheo ni dhamana linalea watoto wanaoamini kwamba mnyonge hana haki. Methali hiyo wazee waliitoa kama kilio. Sisi tumeigeuza kuwa ushauri.

Waliotutangulia

Wapo waliotuonyesha kwamba jina la mtu mmoja linaweza kufanya kazi ya wengi.

Bibi Titi Mohamed hakuanza na cheo. Dar es Salaam ya miaka ya 1950 ilimjua kwa sauti, alivyokuwa akiongoza kuimba katika ngoma ya Bomba. TANU ilipohitaji wanawake mwaka 1955, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake waliokuwa tayari wanaaminiana kwa arusi, misiba na kuchangiana. Maelfu waliingia. Imani aliyoipata kwenye ngoma aliirudisha kwa wale wale waliompa, wakaibeba pamoja naye hadi kwenye uhuru.

Wangari Maathai alikuwa ameshajulikana nje ya Kenya mwaka 1992, wakati akina mama wa watu waliofungwa kwa sababu za kisiasa walipokwenda kukaa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakidai watoto wao. Angeweza kumpigia simu ofisa mmoja ili mfungwa mmoja aachiwe. Aliketi nao. Polisi walipowavamia, alipigwa hadi akapoteza fahamu. Akina mama walihamia kanisa la All Saints na kuendelea kwa karibu mwaka mzima, na kufikia mapema 1993 wengi wa wafungwa hao walikuwa wameachiwa. Jina la Wangari liliwaleta waandishi wa habari. Madai yalibaki ya akina mama.

Ali Hassan Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970, watu walipoteswa na kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Alijiuzulu, kwa sababu waliotenda walitenda chini ya jina lake. Waswahili husema ukubwa ni jaa: kila taka hutupwa hapo. Mkubwa anayekubali sifa za nyumba na kukataa taka zake bado hajawa mkubwa.

Naye Julius Nyerere aliondoka Ikulu mwaka 1985. Miaka kumi na moja baadaye, bila jeshi wala saini ya serikali, alikuwa anawaketisha mezani Warundi waliokuwa wakiuana. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 kabla kazi haijaisha, Nelson Mandela akaipokea, na mkataba ukasainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Tunaitaja habari hii kwa sababu ya mwisho wake: kazi iliendelea baada ya mwenye jina kuzikwa.

Somo la Mkwawa

Kisa tunachokishika zaidi ya vyote hakina rais wala waziri. Kina mwanafunzi na mhadhiri.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa na sukari, na utaratibu ulitaka mchanganyiko upoe kwanza ndipo uingie kwenye friji. Nafasi zilikuwa zinakwisha, na Erasto Mpemba akaogopa kukosa. Akaingiza wake ukiwa bado wa moto. Uliganda kabla ya ule wa mwenzake, ambao haukuchemshwa. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipouliza tena akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, na kusisitiza, ikawa mzaha wa darasa: kila alipokosea jambo, likaitwa la Mpemba.

Akiwa hapo hapo Mkwawa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia. Mpemba akanyoosha mkono na kuuliza swali lake lile lile, na ukumbi ukacheka.

Tuitazame vizuri nafasi ile. Osborne alikuwa na ushawishi wote wa chumba. Kama angecheka pamoja na ukumbi, swali lingekufa siku hiyo na hakuna ambaye angemlaumu. Kama angelichukua na kuliandika kwa jina lake, huenda Mpemba asingejua kamwe. Alifanya mambo matatu. Alimsikiliza. Aliporudi Dar es Salaam, aliagiza jambo lenyewe lipimwe kwenye maabara kabla ya kulisemea popote. Kisha, mwaka 1969, makala ilipochapishwa kwenye jarida la kielimu, ilibeba majina mawili, na la kwanza lilikuwa la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu chanzo cha tukio lile na hata masharti yake, lakini duniani kote wanaliita kwa jina la kijana wa Magamba.

Kusikiliza, kupima, kutaja mwenye chake. Hizo ndizo hatua tatu tunazozitaka kwa kila mwenye neno linalosikilizwa. Na mtazame foleni ilivyosogea: baada ya Mpemba, mwanafunzi mwenye swali la kuchekesha ana mfano wa kuutaja anaponyoosha mkono.

Tunachokikataa

Tunakataa kimemo, kiwe cha karatasi, cha simu au cha kukonyezana. Kila nafasi inayotolewa pembeni imechukuliwa mahali, na aliyenyang’anywa kwa kawaida ni yule asiyejua hata kwamba ilikuwapo.

Tunakataa jina la kukodisha. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemwa kinaponya maradhi sugu. Hatumhukumu mzee aliyekitoa, naye ameshatangulia mbele ya haki. Tunawakumbuka wenye majina waliokwenda wakanywa mbele ya kamera, kabla ya kipimo chochote, wengine wakifika kwa helikopta juu ya vichwa vya watu waliokwama siku nyingi barabarani. Walipoonekana wamekunywa, mgonjwa aliyekuwa anasitasita alihesabu kwamba wakubwa wamekwisha kuthibitisha. Wapo waliotoka wodini wakaenda. Wapo waliofia kwenye foleni.

Miaka miwili kabla yake, 2009, serikali ilikuwa imeusimamisha upatu wa DECI, ambao uliwaita watu “kupanda mbegu” na “kuvuna”, na waliousimamia walikuwa watumishi wa Mungu. Lugha ya madhabahuni ilibeba hesabu ambazo zisingebebeka kwa lugha ya benki. Leo tunaona sura nyingine ya jambo hilo hilo: mtu maarufu anamwambia kijana wa kijiweni kwamba kubeti ni fursa, na hasemi kwamba amelipwa kulisema. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla hujakubali kutembeza kitu, jiulize kwa nini kinahitaji miguu yako.

Tunakataa rushwa ya ngono, kwa nguvu zetu zote. Mhadhiri mwenye kalamu ya maksi, meneja mwenye nafasi ya kazi, msimamizi mwenye zamu, anapoomba mwili wa mtu, ameigeuza amana kuwa silaha. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja jambo hilo kuwa kosa. Sisi tunaongeza kwamba anayejua na kunyamaza, kwa kuwa mkosaji ni rafiki au mlezi wake kikazi, ametoa ushawishi wake kumlinda mkosaji.

Tunakataa pia hisani ya picha. Kumpanga bibi kizee mbele ya kamera, mfuko wa unga mkononi, ni kumlipisha kwa uso wake. Tenda wema uende zako.

Swali la ndugu

Tuliulizana swali hili usiku mwingi kuliko maswali mengine, na hatutalikwepa. Mtoto wa dada yako, yule dada aliyekulea, amemaliza shule na hana kazi. Wewe unaweza kusema neno. Utamwambia nini dada?

Undugu si aibu kwetu. Wengi wetu tumesomeshwa na shangazi, tumelala sebuleni kwa wajomba, tumeanza biashara kwa mtaji wa kaka. Mtu asiyemjali nduguye hatutamwamini akisema anajali taifa. Kwa hiyo tunaugawa msaada mafungu mawili. Kilicho chako, mpe ndugu yako bila kikomo: fedha ya mfukoni, chumba, muda, ujuzi, nauli, kumfundisha kuandika barua ya maombi, kumwamsha alfajiri awahi usaili. Kilichowekwa kwako na watu, yaani nafasi ya kazi, dawa ya zahanati, kiti cha shule, zamu ya foleni, muhuri, hicho si chako kumpa ndugu wala adui. Dada atakasirika. Mwambie ukweli, kisha nenda kakae na mwanawe mezani saa mbili kila jioni hadi awe tayari kushindana. Hasira ya dada itapoa. Mtoto atakachojifunza hakitamtoka.

Kipimo cha sauti

Hatusemi kwamba hakuna siku ya kumtanguliza mtu. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu hasubiri namba yake. Mzee aliyezimia hapangi mstari. Kijana hodari asiyejulikana anahitaji mtu wa kusema kwamba ni hodari.

Tunatumia kipimo kimoja, na hata mtoto anaweza kukishika. Je, unaweza kusimama mbele ya wote wanaosubiri ukasema kwa sauti unachokifanya na kwa nini? Muuguzi anaweza kulitangazia benchi zima: “Ndugu zangu, huyu dada anajifungua, tunampisha.” Watu watampisha na kumsaidia kubeba mfuko. Mwalimu anaweza kuandika, na jina lake chini, kwamba amemfundisha kijana huyu miaka minne na hajawahi kumwona akiiba mtihani. Huo ni ushahidi, nao unaweza kusomwa na kila mwombaji mwingine. Ila hakuna anayeweza kulitangazia benchi: “Huyu ni shemeji wa bosi, mpisheni.” Kinachohitaji mnong’ono na mlango wa pembeni kimekwisha kujihukumu.

Ahadi zetu

Anayejiunga nasi anaahidi haya mbele ya watu wanaomfahamu:

1. Nitakubali kwamba nina ushawishi, hata kama ni wa nyumba kumi, na nitaacha kujificha nyuma ya neno “mimi ni mtu mdogo”.

2. Nikiombwa kumpenyeza mmoja, nitauliza wangapi wamekwama mahali hapo hapo, na nitakwenda kuwasemea wote.

3. Nitamsikiliza anayechekwa kabla sijaungana na wanaocheka.

4. Sitaweka jina langu juu ya dawa, biashara, mgombea au mhubiri nisiyempima. Nikilipwa kusifu, nitasema nimelipwa.

5. Wazo la mtu mdogo nitalipeleka juu likiwa na jina lake, na nafasi ya kuzungumza ikipatikana, nitampisha alisemee mwenyewe.

6. Muhuri wangu, saini yangu na kalamu yangu ya maksi haviuzwi kwa fedha, kwa mwili, kwa kura wala kwa kusifiwa.

7. Walio chini yangu wakimkosea mtu, nitajibu mimi kwanza, kisha nitashughulika nao.

8. Nikikosea hadharani, nitakiri hadharani: mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile. Uongo uliotangazwa kwa kipaza sauti haufutwi kwa kunong’ona.

9. Nitamfundisha mwingine kila ninachokijua kuhusu mlango wangu, ili siku nikiondoka usijifunge.

10. Sitahesabu watu wanaonihitaji. Nitahesabu waliokuwa wananihitaji na sasa hawanihitaji tena.

Jinsi tutakavyofanya kazi

Harakati hii haitakuwa na rais, mlezi wala mgeni rasmi. Itakuwa na vikundi vya watu wasiozidi kumi na wawili, kwenye mtaa, shule, kituo cha afya, soko au kijiwe. Kila mwezi kila mwanakikundi ataleta foleni moja anayoijua: mahali ambapo watu wanakwama na yeye ana neno linalosikika. Kikundi kitachagua moja, na kwa mwezi mzima wote watasukuma hiyo.

Tutoe mfano, watu wasidhani tunaota. Sheria ya Tanzania inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika mitaa mingi habari hiyo huishia kwa watu wachache wanaokaa karibu na ofisi. Mwenye koneksheni wa jana angemnong’oneza mpwa wake aunde kikundi haraka. Mwenzetu afanye hivi: aombe masharti yaandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa sokoni, aombe dakika tano baada ya swala ya Ijumaa na dakika tano kwenye matangazo ya Jumapili, awakusanye mama lishe, wasusi na vijana wa bodaboda awafundishe kuandika katiba ya kikundi na kufungua akaunti, ahakikishe mwenye kiti cha magurudumu ameweza kuingia kwenye chumba cha kikao. Kisha asikae kwenye kamati ya kikundi chochote kati ya hivyo. Mpwa wake anaweza kupata, anaweza kukosa. Mtaa mzima utakuwa umejua mlango ulipo.

Mhudumu tuliyeanza naye alifanya lake. Kwanza aliacha kupitisha watu. Alichukiwa wiki mbili, na simu za wakubwa hazikukoma. Akawaendea wenzake wa zamu, wakakubaliana kwamba namba zitolewe kwa karatasi, ziitwe kwa sauti, na anayetangulizwa kwa dharura atangazwe sababu yake mbele ya benchi. Mganga mkuu alipoona kelele zimepungua, akauweka utaratibu huo kuwa wa idara nzima. Mwenzetu amehamishiwa kituo kingine sasa. Namba bado zinaitwa.

Tutakosea. Baadhi yetu tutaivunja ahadi hii pale mtoto wetu mwenyewe atakapokuwa kitandani na simu iko mkononi. Hatutawafukuza wanaoanguka, tutawaomba warudi waseme mbele ya kikundi walichokifanya na nani alirudishwa nyuma. Tunachokidai kwa kila mmoja ni ukweli huo, kwa kuwa asiyemjua aliyemrudisha nyuma atamrudisha tena.

Wito

Tunawaita wenye vyeo, na zaidi tunawaita wasio na vyeo. Tunawaita masheikh, mapadri na wachungaji ambao “amina” ya waumini wao ni mali nzito kuliko sadaka. Tunawaita wasanii na wachezaji ambao mtoto wa kijijini anavaa jezi yenye majina yao. Tunakuita dada wa mapokezi, askari wa getini, karani wa mahakama, konda, kiranja wa darasa, mke wa mkubwa ambaye wageni huanza kumsalimia yeye.

Amana huwa na siku ya kurudishwa. Watu waliokuamini hawakuandikisha mkataba, lakini wanakumbuka, na watoto wao watasimuliwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hatukuombi kadi wala ada. Kesho asubuhi utafika kwenye mlango ulioaminiwa kuushika, na simu itaita kabla hujaketi, na upande wa pili atakuwa mtu unayempenda. Kabla hujasema “mlete, mimi nipo”, inua macho utazame benchi. Hesabu waliokaa. Waite kuanzia wa kwanza.